Kupima, kuandika vizio na kujumlisha vekta: mwongozo wa fizikia ya mwanzo

Ukiandika daftarini "urefu = 12", hujapima kitu bado. Kumi na mbili za nini: sentimita, inchi, shibiri? Na hiyo 12 ni kamili, au iko mahali fulani kati ya 11.5 na 12.5? Kipimo cha fizikia kina sehemu tatu: namba, kizio, na shaka, yaani kiasi ambacho namba hiyo inaweza kuwa imezidi au imepungua. Vipimo vingine vina sehemu ya nne, mwelekeo, na hivyo ndivyo vekta. Makosa mengi ya anayeanza hutokea pale mojawapo ya sehemu hizi inapoachwa njiani, hata kama hesabu yenyewe anaijua.

Andaa rula ya sentimita 30, protrakta, karatasi za grafu, penseli iliyochongwa vizuri, kikokotoo chenye sin na cos, uzi wa mita moja na nusu, nati nzito ya chuma, na simu yenye stopwochi. Kalipa na maikromita ukikosa maabara utaziona kwa mafundi wa mashine na wachonga vipuri. Omba ushike, maana kusoma vifaa hivi hakufundishiki kwa picha peke yake.

Vizio

Mfumo wa kimataifa, SI, una vizio saba vya msingi: mita, kilogramu, sekunde, ampea, kelvini, moli na kandela. Vingine vyote huundwa kwa kuzidisha na kugawanya hivyo. Newtoni 1, kwa mfano, ni kg·m/s²: kani inayoipa tungamo ya kilogramu 1 mchapuko wa mita 1 kwa sekunde, kila sekunde. Katika hatua hii vitatu vya kwanza vitakutosha kwa muda mrefu.

Mwambao ulikuwa na vipimo vyake: wanda, ambao ni upana wa kidole; shibiri; dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati; na pima, mikono miwili ikinyooshwa. Tatizo lake ni kwamba dhiraa ya muuza kitambaa mfupi si dhiraa ya mnunuzi mrefu. Mita ya leo haitegemei mwili wa mtu: tangu 1983 ni umbali ambao mwanga hupita katika ombwe kwa 1/299,792,458 ya sekunde. Kilogramu ndiyo iliyochelewa. Tangu 1889 hadi tarehe 20 Mei 2019 ilikuwa kipande cha metali, silinda ya platini na iridi iliyotunzwa Sèvres karibu na Paris. Sasa imefungwa kwenye namba isiyobadilika ya Planck, namba ya maumbile iliyo sawa popote.

Katika kuandika, acha nafasi kati ya namba na alama ya kizio, na uheshimu herufi kubwa na ndogo: 5 mm ni milimita tano, 5 Mm ni kilomita elfu tano. Kilogramu ni kg, wala si Kg wala kgs. Sekunde ni s, kelvini ni K bila alama ya digrii. Nukta au nafasi kati ya alama mbili nayo ina kazi: m·s ni mita mara sekunde, ms ni milisekunde.

Neno moja linahitaji uangalifu. Sokoni "uzito wa kilo mbili" ni lugha sahihi na kila mtu anaelewa. Katika fizikia, hiyo kilo mbili ni tungamo, yaani kiasi cha maada. Uzito ni kani ya dunia kuivuta tungamo hiyo, nao ni tungamo mara mchapuko wa mvuto wa dunia: 2 × 9.8, takriban 20 N. Mizani ya mawe hulinganisha tungamo mbili, kwa hiyo jibu lake halibadiliki ukienda nchi nyingine. Mizani ya springi hupima mvuto, kisha uso wake umeandikwa kilo kwa kudhani mvuto ni uleule kila mahali.

Kubadili vizio bila kubahatisha

Usikariri "gawa kwa 3.6". Zidisha kwa sehemu ambayo thamani yake ni moja, ukipanga kizio usichokitaka kikatwe:

72 km/h × (1000 m / 1 km) × (1 h / 3600 s) = 20 m/s

Kilomita imekatana na kilomita, saa na saa. Kama vizio havikukatana, sehemu umeigeuza juu chini, na umeliona hilo kabla ya kugusa kikokotoo.

Eneo na ujazo ndipo wengi wanapoanguka. Mita 1 ni sm 100 (sm ni sentimita, kwa alama ya SI cm), lakini mita moja ya mraba ni 100 × 100 = sm 10,000 za mraba, na mita moja ya ujazo ni sm 1,000,000 za ujazo, sawa na lita 1000. Kwa hiyo jiwe lenye densiti, yaani tungamo kwa ujazo, ya 2.7 g/cm³ ni 2700 kg/m³. Ukipata 0.27, umesahau kupandisha mia kwa kipeo cha tatu.

Hesabu hii ikikosewa nje ya darasa huwa na gharama. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliyotakiwa kubeba kilogramu 22,300 za mafuta ilikutwa na lita 7,682 matangini. Waliojaza walizidisha kwa 1.77, ambayo ni idadi ya pauni (lb) katika lita moja ya mafuta yale, wakaisoma kama kilogramu:

7,682 × 1.77 = 13,597
22,300 − 13,597 = 8,703
8,703 ÷ 1.77 = lita 4,917 za kuongeza

Kila mstari hapo juu ni sahihi kihesabu. Kwa kilogramu 0.803 kwa lita, ilihitajika kuongezwa karibu lita 20,100. Injini zilizimika angani, na marubani wakaishusha ndege kwa kuelea hadi kiwanja cha zamani cha jeshi huko Gimli, Kanada. Hakuna aliyekufa. Rudia hesabu ile ukiandika kizio katika kila mstari: 1.77 lb/L × L hutoa lb, na kutoa lb kutoka kg hakuwezekani. Kizio kingepiga kelele mstari wa pili.

Kusoma kifaa

Rula inaonekana haina siri, lakini ina mbili. Ncha yake huwa imelika, kwa hiyo anza kwenye alama ya sm 1 kisha utoe 1 mwishoni. Na jicho liwe wima juu ya alama. Ukitazama kwa pembeni, unene wa rula unatosha kuisogeza alama milimita moja au mbili. Isimamishe rula kwa ukingo wake ili mistari iguse kitu kinachopimwa, na kosa hilo linapungua mno.

Silinda ya kupimia iweke juu ya meza, usiishike mkononi. Inama mpaka jicho lilingane na uso wa maji, usome sehemu ya chini ya mbinuko. Zebaki hubinuka kinyume, kwa hiyo yenyewe husomwa juu.

Kalipa ya venia ya kawaida ya shule ina mistari 10 ya venia, skeli ndogo inayoteleza kando ya skeli kuu, iliyoenea katika urefu wa mm 9, na hapo ndipo inapopata uwezo wa kutofautisha mm 0.1, yaani sm 0.01. Soma hivi:

1. Funga taya bila kitu katikati, uangalie kama sifuri mbili zinalingana. Usipoanza hapa, yanayofuata yote yana kasoro.
2. Bana kitu kwa nguvu ndogo; kipande cha mbao kikibanwa sana huingia ndani.
3. Soma mstari wa skeli kuu ulio kushoto kwa sifuri ya venia. Tuseme sm 2.3.
4. Tafuta mstari wa venia uliolingana kabisa na mstari wowote wa skeli kuu. Tuseme wa 6. Ongeza 6 × 0.01.
5. Andika sm 2.36, kisha rekebisha kosa la sifuri.

Kosa la sifuri likiwa upande wa kulia, yaani sifuri ya venia imepita sifuri kuu, kifaa kinazidisha: toa. Likiwa kushoto, kifaa kinapunguza: ongeza. Mtego uko kwenye kushoto. Taya zimefungwa, sifuri ya venia iko kushoto, na mstari unaolingana ni wa 7. Wengi huandika sm 0.07. Hesabu kutoka mwisho: 10 − 7 = 3, kosa ni −0.03, na kipimo cha juu kinakuwa 2.36 + 0.03 = sm 2.39. Angalia pia kifaa chenyewe kabla ya kudhani. Kalipa nyingi za mafundi hutofautisha mm 0.05 au 0.02, na hizo zimeandikwa kwenye mwili wake.

Maikromita husogea mm 0.5 kwa mzunguko mmoja, na ngoma yake ina migawanyo 50, hivyo kila mgawanyo ni mm 0.01. Zungusha kwa kishikio kidogo cha nyuma mpaka kilie kwa kukwaruza mara mbili tatu, hapo acha. Ukikaza kwa ngoma yenyewe unaminya waya unaoupima. Kosa kubwa la kifaa hiki ni kutouona mstari wa nusu milimita: ngoma ikisoma 28 na mstari wa 4.5 umekwisha kutokea, jibu ni mm 4.78, anayeukosa huandika 4.28. Tofauti yenu na jirani ikiwa 0.50 kamili, sababu ni hiyo.

Kosa la sifuri kila Mswahili analiishi. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, ya kwenye simu huanza usiku wa manane. Saa 2 asubuhi kwetu ni 8:00 kwenye kioo. Lakini safari ya kuanzia saa 2 hadi saa 5 ni saa tatu kwa saa zote mbili. Kosa lisilobadilika hupotea unapochukua tofauti, na vifaa vingi hutumiwa kwa njia hiyo makusudi. Ujazo wa jiwe: maji yalikuwa ml 50, jiwe likizama yamefika ml 82, ujazo ni sm³ 32. Hata skeli ya silinda ikiwa imebandikwa juu kidogo, 32 haiguswi. Kinachoiharibu 32 ni mapovu yaliyong'ang'ania jiwe (gongagonga silinda kwa kidole), matone yaliyoruka nje, na jiwe linalonyonya maji.

Shaka, kwa mfano wa pendulamu

Jiwe lile lina gramu 86.4. Kikokotoo kinasema 86.4 ÷ 32 = 2.7 kamili. Kila usomaji wa silinda una shaka ya nusu mgawanyo, tuseme ml 0.5, na umesoma mara mbili, kwa hiyo ujazo ni 32 ± 1. Hiyo ni asilimia 3. Densiti basi ni 2.7 ± 0.1 g/cm³. Mizani ingekuwa ya thamani mara kumi isingesaidia kitu. Kinachokuzuia ni silinda. Hii ndiyo faida halisi ya kuandika shaka: inakuonyesha pa kuweka juhudi.

Kwa muda, jaribu hivi. Funga nati kwenye uzi, ning'iniza ili kutoka kwenye fundo hadi katikati ya nati iwe m 1.00. Pima uzi ukiwa umeshaning'inia, kwa sababu hurefuka ukibeba mzigo. Vuta pembeni kidogo, si zaidi ya digrii 10, uachie bila kusukuma. Usipime mpito mmoja, yaani kwenda na kurudi mara moja. Kidole cha mtu huchelewa karibu sekunde 0.2, na kwa mpito wa sekunde 2 hiyo ni asilimia 10. Pima mipito 20 mfululizo, na shaka ileile inagawanywa kwa 20.

Anza kuhesabu kwa "sifuri" unapobonyeza, nati ikipita katikati ambapo inakwenda kasi, kisha "moja" inaporudi pale ikielekea upande uleule. Tuseme umepata s 40.2. Muda wa mpito ni s 2.01, na g, mchapuko wa mvuto wa dunia, ni 4π² mara urefu, gawa kwa muda wa mpito kipeo cha pili:

g = 4π² × 1.00 ÷ 2.01² = 9.77 m/s²

Shaka ya muda ni 0.2/40.2, asilimia 0.5, muda uko kwenye kipeo cha pili, hivyo inahesabiwa mara mbili: asilimia 1. Andika 9.8 ± 0.1. Kwenye Ikweta, usawa wa bahari, thamani inayokubalika ni 9.78, na jibu lako linaikumbatia.

Kama umepata 10.8, usiilaumu dunia. Ulianza kwa "moja" badala ya "sifuri", ukahesabu mipito 19 ukadhani ni 20. Kosa hili ni la kawaida kiasi kwamba ukiiona 10.8 unaweza kulitaja bila kuuliza.

Tahadhari moja: kurudia mara nyingi hupunguza makosa ya kubahatisha, kama kidole, lakini hakugusi kosa la kudumu. Uzi uliopimwa hadi juu ya nati badala ya katikati yake utakupa jibu baya lilelile mara mia, na kurudiwa kwake kutakupa imani usiyostahili.

Vekta: kipimo chenye mshale

Tungamo, muda, joto na ujazo ni skala: namba na kizio vinatosha. Kani, mchapuko na uhamaji vinadai mwelekeo. Mkimbiaji akizunguka uwanja mara moja amekwenda mita 400, lakini uhamaji wake ni sifuri, kwa kuwa amerudi alipoanzia.

Mwelekeo una mtego wake kwa watu wa pwani. Upepo wa kaskazi umepewa jina la unakotoka. Mshale wa vekta huchorwa kuelekea unakokwenda. Kwa hiyo kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki, unachorwa ukielekea kusini-magharibi, na kusi, unaotoka kusini, ukielekea kaskazini. Mkondo wa maji, tofauti na upepo, huelezwa kwa unakoelekea. Ukichora vyote viwili kwa kanuni moja, mashua yako itafika mahali ambapo haikwenda.

Chukua mtumbwi unaovuka mto wa upana wa m 120. Kwenye maji tulivu huenda 2.0 m/s, mkondo ni 1.5 m/s. Kwa kuchora:

1. Chagua skeli inayojaza karatasi. Hapa sm 1 iwe 0.2 m/s, iandike pembeni. Michoro midogo ndiyo chanzo kikuu cha majibu mabaya.
2. Chora mshale wa kwanza, sm 10, kuelekea ng'ambo.
3. Pale kichwa chake kinapoishia, anza mkia wa pili, sm 7.5, kufuata mkondo. Kichwa kwa mkia. Ukiunganisha vichwa viwili umetoa, hukujumlisha.
4. Unganisha mwanzo wa kwanza na mwisho wa pili. Pima: sm 12.5, sawa na 2.5 m/s.
5. Weka protrakta kwenye mwanzo: digrii 37 kutoka mstari wa kuvuka. Jibu bila pembe hii ni nusu jibu, na pembe bila kusema "kutoka wapi" nayo ni nusu.

Kuvuka kunachukua 120 ÷ 2.0 = sekunde 60. Mkondo hauongezi wala haupunguzi muda huo, kwa kuwa uko pembemraba na mwendo wa kuvuka. Kazi yake ni kuusukuma mtumbwi 1.5 × 60 = m 90 chini ya mto. Anayegawa 120 kwa 2.5 amechanganya mwendo wa mshazari na umbali wa kunyooka.

Vekta zisipokuwa pembemraba, zivunje kuwa vijenzi, yaani sehemu ya mbele na sehemu ya pembeni. Watu wawili wanavuta mashua ufukweni kwa kamba mbili: mmoja kwa 300 N, pembe ya 25° kushoto kwa mstari wa mbele, mwingine kwa 200 N, 40° kulia.

Mbele: 300 cos 25° + 200 cos 40° = 271.9 + 153.2 = 425 N
Pembeni: 300 sin 25° − 200 sin 40° = 126.8 − 128.6 = −1.8 N

Mashua inakwenda mbele karibu bila kupinda, ingawa nguvu zao hazilingani. Mnyonge ameifidia kwa pembe pana. Na kati ya 500 N walizotoa, 75 hazikuisogeza mashua popote. Wakikaribiana, pembe zikipungua, watavuta vizuri zaidi.

Kabla ya hesabu kama hii, jaribu sin 30 kwenye kikokotoo. Ikitoka 0.5, endelea. Ikitoka −0.988, kiko kwenye radiani, kizio kingine cha pembe. Kosa hili ni baya kwa sababu cos 25 kwenye radiani ni 0.991, namba inayoonekana ya kuaminika kabisa. La pili ni tan⁻¹. Kijenzi cha x kikiwa −3 na cha y 4, kikokotoo kitasema −53.1°, ambayo ni chini kulia, wakati mshale wako uko juu kushoto. Kila x ikiwa hasi, ongeza 180°: 126.9°. Mchoro wa haraka wa mkono, hata mbaya, unatosha kulikamata kosa hili.

Turudi mtoni. Nahodha akitaka kufika moja kwa moja ng'ambo, aelekeze omo, yaani pua ya mtumbwi, upande mkondo unakotoka ili kijenzi cha mtumbwi kifute mkondo: 2.0 × sin θ = 1.5, θ = 48.6° kutoka mstari wa kuvuka. Kinachobaki cha kuvukia ni √(2.0² − 1.5²) = 1.32 m/s, na safari inachukua sekunde 91 badala ya 60. Mvua zikinyesha na mkondo ukafika 2.4 m/s, kikokotoo kitakataa kutoa sin⁻¹ ya 1.2 na kuandika kosa. Hakijaharibika: hakuna pembe ya kuuzuia mtumbwi ule usichukuliwe.